Bisi Zenye Chumvi na Njia ya John Prine

Mwaka juzi binamu yangu alinipigia simu usiku. Yeye hupeleka vifurushi kwa pikipiki mjini Nakuru. Mchana anabeba mizigo ya watu, usiku anashika gitaa. Anaimba kantri. Usicheke. Kwetu Bonde la Ufa kantri haijawahi kuwa muziki wa wageni. Baba zetu walikua na Jim Reeves na Don Williams redioni, na mpaka leo kuna mabaa ambako ukipiga gitaa kwa mtindo ule watu wazima wanainamisha vichwa kama wako kanisani.

"Kaka," akaniambia, "nimeambiwa niache kazi. Ati mwenye kipaji hatumikii mabwana wawili. Wewe msomi unaonaje?"

Nilimjibu haraka mno. Nikamwambia aache, na nikamtolea mfano wa John Prine. "Yule jamaa alikuwa mtu wa posta," nikamwambia. "Siku moja mhakiki mmoja akamsikia kilabuni, akaandika gazetini, basi, dunia ikafunguka." Nikakata simu nikijiona mtu mwenye hekima.

Baada ya wiki mbili aliuza pikipiki.

Tangu hapo nimemsikiliza Prine upya, albamu baada ya albamu, na nimegundua kwamba nilimpa binamu yangu hadithi ya kweli yenye maana ya uongo. Makala hii ni ya kujisahihisha. Nimeona niiandike hapa kwa sababu sisi wahakiki ndio tunaoipenda sana hadithi ile. Ndani yake mhakiki ni shujaa!

Hadithi yenyewe ni tamu, sikatai. Mwaka 1970 Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa gazeti la Chicago Sun-Times, alikuwa sinemani akila bisi zenye chumvi nyingi. Filamu haikumvutia, koo likamkauka, akatoka kutafuta bia. Akaingia kilabu kidogo kiitwacho Fifth Peg, na huko akamkuta kijana anaimba na gitaa lake. Akasahau filamu. Tarehe 9 Oktoba gazeti likatoa makala yake kuhusu mpeleka barua anayeimba. Siku iliyofuata kijana huyo alitimiza miaka 24. Watu wakaanza kujaa kilabuni. Mwaka uliofuata rafiki yake Steve Goodman, naye mwimbaji, akamleta Kris Kristofferson amsikilize usiku wa manane, viti vikiwa vimeshapandishwa juu ya meza. Kristofferson akamwomba aziimbe nyimbo zake zote tena. Muda si mrefu Prine akapandishwa jukwaani New York, Jerry Wexler wa kampuni ya Atlantic akiwa miongoni mwa wasikilizaji, na kesho yake akapewa mkataba. Albamu ya kwanza, iliyobeba jina lake tu, ikatoka 1971.

Bisi, bia, gazeti, mkataba. Ukiisimulia hivi, njia ya Prine inaonekana kama bahati nasibu: mtu amekaa kijiweni, gari la neema linapita, linamchukua. Lakini jiulize swali dogo ambalo mimi sikujiuliza usiku ule. Ebert alipoingia pale, alikuta nini? Alikuta nyimbo ambazo tayari zilikuwa zimekamilika. "Sam Stone", "Hello in There", "Paradise": zote zilikuwepo kabla ya mhakiki yeyote. Gazeti lilizipata zimeshaiva. Basi lazima turudi nyuma tutazame moto ulikuwa wapi.

Prine alizaliwa 1946 huko Maywood, mji wa wafanyakazi pembeni mwa Chicago. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza vifaa kiwandani na mtu wa chama cha wafanyakazi. Wazazi wote wawili walitoka kaunti ya Muhlenberg, jimbo la Kentucky, nchi ya makaa ya mawe, na kila likizo familia ilirudi huko kama sisi tunavyorudi ushago Desemba. Kwa hiyo kantri aliikuta nyumbani, katika lafudhi ya baba yake na santuri za Hank Williams. Kaka yake Dave ndiye aliyemfundisha gitaa alipokuwa na miaka 14. Baadaye akasoma kidogo katika Old Town School of Folk Music mjini Chicago. Akafanya kazi posta, akaitwa jeshini, akapelekwa Ujerumani Magharibi kutengeneza magari wakati wenzake wakipelekwa Vietnam, akarudi, akaushika tena mfuko wa barua.

Hapo kwenye mfuko wa barua ndipo nataka tukae.

Kwa msomaji wa Kenya kazi hii inahitaji maelezo, maana kwetu barua haikufuati mlangoni. Inakungoja kwenye sanduku la posta mpaka uifuate wewe. Mpeleka barua wa Marekani hutembea. Kila siku mtaa uleule, milango ileile, mbwa walewale, kwa miaka. Prine mwenyewe alisema kwamba njia yake ya barua ilikuwa kama kukaa ndani ya maktaba isiyo na vitabu. Kuna ukimya, kuna muda, na hakuna wa kukusemesha. Miguu ikishaijua njia, kichwa kinabaki huru. Nyimbo nyingi za albamu ile ya kwanza zilitungwa pale, neno kwa neno, zikarudiwarudiwa kimoyomoyo hadi zikashika, kwa sababu mtu aliyebeba mfuko wa barua hana mkono wa kuandikia.

Mimi naamini njia hiyo inasikika ndani ya nyimbo. Kwanza, ni fupi na zina maneno mepesi. Utungo unaoweza kuubeba kichwani kutwa nzima huku unapanda ngazi hauwezi kuwa na mapambo mengi. Mapambo yanadondoka njiani. Pili, na hili ndilo kubwa, ni nyimbo za mtu anayewaona watu kupitia mlangoni. Mpeleka barua haingii ndani. Anaona kipande cha jiko, mkono uliopokea bahasha, sauti ya redio nyuma ya pazia, kisha anaondoka. Lazima kilichobaki akijaze mwenyewe.

Chukua "Hello in There", wimbo wa wazee wawili ambao watoto wao wametawanyika na mmoja amekufa vitani. Prine aliutunga akiwa na miaka ishirini na kitu. Alipokuwa kijana mdogo aliwahi kusaidia kupeleka magazeti katika nyumba ya wazee, na alisimulia kwamba baadhi yao walijifanya mbele ya wenzao kuwa yeye ni jamaa yao aliyekuja kuwatembelea. Soma tena sentensi hiyo. Mtu ana miaka themanini na anamwazima mvulana wa magazeti awe mjukuu wake kwa dakika tatu. Wimbo mzima umo humo, ingawa Prine hakukitia kisa hicho ndani ya wimbo. Alichukua upweke tu, akamwachia mzee wake hadhi yake.

Nina lalamiko moja juu ya wimbo huu, na nalisema nikijua wapenzi wa Prine watanirukia. Ubeti wa mwisho unamgeukia msikilizaji na kumwambia jinsi ya kuwatendea wazee. Hapo mpeleka barua anapanda mimbari. Sisi tuliolelewa na tenzi tumezoea adili mwishoni, kwa hiyo halitukeri sana, lakini beti zilizotangulia zilikuwa zimeshafanya kazi yote. Ukishamwonyesha mtu jeraha, huna haja ya kumwambia kwamba linauma.

Linganisha na "Angel from Montgomery". Hapa Prine, mwanamume kijana, anaimba kwa sauti ya mwanamke aliyezeeka kabla ya wakati wake, aliyeolewa na mtu aliyenyamaza. Hakuna mafundisho. Kuna jiko, kuna nzi, kuna swali la mke ambalo mume hana jibu lake. Bonnie Raitt aliuimba 1974 na watu wengi wakadhani ni wake, jambo ambalo kwangu ni sifa kubwa kwa mtunzi: sauti aliyoitengeneza ilikaa sawasawa katika kinywa cha mwanamke. Wako washairi wetu wanaume walioandika mamia ya beti kwa sauti ya mke, na ukizisoma unamsikia mume akijisifu. Prine hakujisikiliza. Alikuwa amezoea kusimama mlangoni na kusikiliza wengine.

"Sam Stone" ni mzito zaidi. Askari anarudi kutoka vitani akiwa na nishani kifuani na mofini mwilini. Wakati ule nyimbo za kupinga vita zilikuwa nyingi, na nyingi zilipigia kelele majenerali na marais. Prine hakumtaja rais. Aliangalia hela ya nyumba inakokwenda na nguo wanazovaa watoto, na kiitikio akampa mtoto. Wenzake waliokwenda Vietnam walikuwa wamerudi mitaani kwake. Ukiusikiliza wimbo huu leo hapa kwetu, ambako kila mtaa una kijana mmoja aliyemalizwa na sindano na mama mmoja anayeficha vyombo visiuzwe, hutauliza Vietnam iko wapi.

Halafu kuna "Paradise", ambao aliutungia baba yake. Paradise ilikuwa mji mdogo kando ya mto Green, ndiyo ushago yao. Wimbo unalaumu kampuni ya makaa ya mawe ya Peabody kwa kuuchukua mji ule. Mhakiki mwaminifu aongeze kwamba historia ina mkono mwingine pia: nyumba za mwisho zilinunuliwa na kubomolewa 1967 na Tennessee Valley Authority, shirika la serikali, kwa sababu ya majivu ya kituo chake cha umeme, kituo kilicholishwa na makaa hayohayo. Wimbo umelifupisha kosa, ukampa lawama mmoja. Je, ni dosari? Kama shahidi wa mahakama, ndiyo. Kama mwana anayemwimbia baba uchungu wake jinsi baba mwenyewe anavyousimulia, hapana. Prine alisimulia kwamba alipompigia baba yake rekodi ile, mzee aliinuka akaenda kusikiliza akiwa chumba cha pili, gizani, ili ajione kama anausikia kutoka kwenye mashine ya santuri ya baa. Mzee alifariki 1971, albamu haijatoka. Mimi na mabaa yetu ya Nakuru, sijui mhakiki gani wa gazeti angeweza kumpa mtunzi tuzo kubwa kuliko hiyo.

Hayo yote, nakumbusha tena, yalitokea kabla. Ebert hakumfanya Prine awe mtunzi, alimfupishia foleni.

Na foleni yenyewe ilimpeleka wapi? Hapa nilimdanganya binamu yangu mara ya pili, kwa kunyamaza. Nilimsimulia mlango ulivyofunguka, sikumsimulia chumba kilivyokuwa. Prine alitoa albamu nne na Atlantic na tatu na Asylum. Zipo nyimbo nzuri humo, na "Bruised Orange" ya 1978, iliyosimamiwa na Goodman, naiweka karibu kabisa na ile ya kwanza. Lakini mauzo hayakuwa makubwa, na mara nyingine muziki uliyazidi maneno nguvu. "Pink Cadillac" ya 1979 ni mfano. Wako wanaoipenda kwa vurugu yake ya rock and roll. Mimi naisikiliza nikitega sikio kutafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo kwenye nyasi. Mtunzi ambaye mali yake yote ni neno jepesi lililowekwa mahali pake, ukimfunika na ngoma umemnyang'anya kila kitu.

Mwaka 1981 akaamua kutoka. Pamoja na meneja wake Al Bunetta na mwenzao Dan Einstein akaanzisha kampuni yake ya kurekodi, Oh Boy. Hawakuanza na albamu. Walianza na santuri ndogo ya Krismasi. Na sasa tazama jambo hili, maana ndilo lililonifanya nicheke peke yangu ndani ya matatu: mashabiki walituma hundi kwa posta kulipia albamu ambayo ilikuwa bado haijarekodiwa. "Aimless Love" ikatoka 1984, na wakatumiwa nakala zao kwa posta. Mtu aliyetoka posta akarudi posta! Uhuru wake wote wa kisanii ulisimama juu ya kazi aliyoifahamu tangu ujana: bahasha, anwani, mlango, mtu mmoja baada ya mwingine. Mwaka huohuo Goodman alifariki kwa saratani ya damu. Ukisikiliza kazi za Prine za baada ya hapo unasikia mtu asiye na haraka tena. Mwaka 1991 ikatoka "The Missing Years", nayo ikapata tuzo ya Grammy, kutoka kampuni ya kwake mwenyewe.

Vijana wengi wanaoniandikia hapa wanapenda neno "huru". Msanii huru, mwandishi huru, kujichapishia mwenyewe. Nawapa Prine kwa tahadhari. Alipotuma ujumbe mwaka 1981, watu waliojibu kwa hundi walikuwa wamemfahamu kwa miaka kumi, kupitia albamu saba ambazo kampuni kubwa ziligharamia na kusambaza. Hakuanza na sifuri. Lakini pia ni kweli kwamba wasanii wengi walipewa albamu saba na kampuni kubwa na hakuna aliyewatumia hundi. Katikati ya ukweli huo wawili ndipo ilipo njia, na haina mkato ninaoujua.

Kwetu mambo haya si mageni. Siti binti Saad, kabla ya kuwa sauti ya taarab iliyorekodiwa Bombay mwaka 1928, alikuwa akitoka kijijini Fumba kwa miguu kuuza vyungu, na aliimba akivinadi. Wanunuzi waliisikia sauti kabla ya kumwona. Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wake, alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi, na vitabu vyake alivitunga katika saa alizozipata pembeni mwa ajira. Tunapowasifu tunasema kazi zile ziliwachelewesha. Nani alituambia? Huenda barabara ya Fumba ndiyo iliyompa Siti pumzi.

Sisemi umaskini ni shule ya sanaa. Wanaosema hivyo mara nyingi wameshiba. Prine mwenyewe aliacha posta mara tu alipoona kilabu kinaweza kumlipa, na sidhani kama aliukumbuka mfuko ule kwa machozi. Ninachosema ni kwamba kazi ile ilimpa watu, na aliwatazama. Mwaka 2005 Ted Kooser, aliyekuwa mshairi wa taifa wa Marekani, alimwalika katika Maktaba ya Kongresi wazungumze na aimbe. Watu wa vitabu hatimaye walimkaribisha yule wa maktaba isiyo na vitabu. Mwaka 1998 saratani ya shingo ilikuwa imemfanyia upasuaji uliomwachia sauti ya changarawe, na kwa masikio yangu "Hello in There" ilipendeza zaidi kwa sauti hiyo: kijana aliyewaazima wazee sauti sasa alikuwa na ya kwake. Alifariki Aprili 2020 kwa korona, akiwa na miaka 73.

Binamu yangu aliishi miezi mitano bila kazi. Hakutunga wimbo hata mmoja. Aliniambia baadaye, bila kunilaumu, na hiyo ndiyo iliyoniuma, kwamba alikuwa akiamka asubuhi, anakaa na gitaa, na hana mtu wa kumwimbia habari zake. Kila siku alikuwa akijifikiria yeye tu. Sasa amerudi barabarani, ila pikipiki ni ya mtu. Jioni anapeleka hesabu kwa mwenyewe kabla hajala.

Mwezi uliopita alinitumia rekodi kwa simu. Ni wimbo wa mama mmoja anayeishi ghorofa ya nne, ambaye huagiza vitu vidogo vidogo, betri, uzi, sabuni moja, ili kijana wa vifurushi apande ngazi na kusema hodi. Nilimpigia. Nikamwambia ubeti wa mwisho aukate, maana unahubiri. Nikamwambia gitaa liko juu mno, maneno hayasikiki vizuri. Kisha nikamwomba msamaha juu ya ile simu ya mwaka juzi.

"Ah, kaka," akasema, "hayo tuyaache. Ubeti wa mwisho siukati. Yule mama ndiye aliyeniambia niuweke."

Bado tunabishana.